Bakuli la Otto

Bakuli liliwekwa mbele ya Benigna jua likiwa utosini, na sasa kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye vidole vya miguu yake. Bado hakuwa ameligusa.

"Kula basi, mwenzangu," Walburga alimnong'oneza, midomo haichezi. "Nimekuja kukusindikiza, sikuja kufa. Mpaka ule wewe ndiyo nami nile. Toka alfajiri nina maji matupu tumboni, halafu huyo kuku ananinukia mpaka machozi yananitoka."

"Subiri kidogo."

"Kidogo gani? Umepewa shanga, ukakaa kimya. Umepewa kaniki, ukakaa kimya. Unataka wakupe na ng'ombe?"

 Benigna aliinua macho, na upande wa pili wa ua, mlangoni mwa jiko, yakakutana na macho ya Makarius.

Ah, jamani, yale macho. Kijana alikaa juu ya kinu kilicholazwa, amevaa shati jeupe la misheni, magoti yamemwinukia kwa urefu wake. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikining'inia ukingoni mwa korongo. Hakuweza kusogea wala kusema. Siku hiyo haikuwa ya wanaume kusema, ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikuwa ndani akipekua vitu kwa fujo na kuongea peke yake kwa sauti ya kusikika.

"Mtoto anaringa huyu! Mimi, mama yake Ida, niringiwe uani kwangu!"

Desturi ya nyumba ile mnapaswa kuielewa, maana bila hiyo mtamwona Benigna mjinga. Binti akija mara ya kwanza ukweni, huwekewa chakula naye hukaa akikitazama. Hakigusi. Akila hapo hapo, watasema kwao hakukufundishwa adabu. Mama mkwe humletea zawadi ya kumfungua kinywa, kitu kidogo tu, shanga au kitambaa, na binti huinamisha kichwa, hunawa, akala. Wote hucheka na vigelegele hupigwa. Lakini jua likizama bakuli likiwa bado zima, basi. Binti amekataa nyumba, na nyumba nayo imemkataa. Hakuna wa kumrudia tena.

Ndiyo maana mama Ida aliamini kwamba binti huyu anapandisha dau. Nani angewaza vingine? Hakuna aliyekuwa akilini mwa Benigna isipokuwa Benigna mwenyewe, na aliyekuwa humo pamoja naye alikuwa na miaka sita tu.

*

Ule ulikuwa mwaka wa tatu tangu njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Vita vyenyewe sitavisimulia, wapo wanaovijua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba Wadachi walipochoka kupigana na watu waligeukia chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, na waliobaki hai walikimbilia vilima vya Matogoro wakala ming'oko na mizizi ambayo hata nguruwe pori huiacha.

Mwaka ule wa njaa Benigna alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba na mama walikwisha kufa. Alibaki na mdogo wake, Otto, chini ya mwamba mmoja, na siku hiyo walikuwa na unga wa mtama wa kujaa kiganja. Alikoroga uji katika kipande cha chungu. Otto alikuwa amelala. Benigna alijiambia ataonja tu. Akaonja. Akajiambia ataacha nusu. Kisha akajiambia ataacha robo. Alipoona chini ya kile kigae, Otto alifumbua macho.

"Dada," akasema, "yangu iko wapi?"

Alikufa baada ya siku mbili. Hakulalamika. Hakuuliza mara ya pili. Na kwa kuwa hakuuliza tena, Benigna alikuwa akimsikia akiuliza kila siku, kila tonge linapokaribia mdomo wake, sauti ile ile ya mtoto aliyetoka usingizini. Dada, yangu iko wapi? Koo lilikuwa linafunga kabisa.

Misheni walimpokea, wakamlea, na sasa walikuwa wanamfundisha ualimu pamoja na wasichana wengine saba. Masista walipoona hali chakula, walimsifu. "Binti wa mfungo," walimwita, wakamtolea mfano kwa wenzake. Masikini, walidhani ni utakatifu. Hawakuona mifupa ya mabega ikitokeza chini ya gauni, au waliiona wakamshukuru Mungu.

Wala hakuwa peke yake. Katika bwalo lile la wanafunzi, wavulana upande huu na wasichana upande ule, ungekaa pembeni ukatazama ungetishika. Mmoja alikuwa akificha maboga chini ya kitanda mpaka yanaoza. Mwingine alikula amekunja mkono kuzunguka sahani, akimkodolea macho jirani yake. Na Makarius, mwanafunzi hodari kuliko wote, aliyeimba sauti ya pili kanisani, alikuwa hawezi kuona chombo kikiwa na kitu ndani yake. Alimaliza chake, akamaliza cha wenzake, akakomba sufuria, kisha akaenda nyuma ya jiko kutapika, akanawa uso na kurudi darasani akitabasamu.

Huko nyuma ya jiko ndiko walikofahamiana. Benigna alikwenda kuutupa ugali aliouficha mfukoni, akamkuta kijana ameinama ameshika ukuta.

"Usiseme," Makarius alimwambia.

"Nawe usiseme," akajibu, na kiganja chake kikafunguka, na tonge likaonekana.

Makarius alilitazama tonge lile muda mrefu. "Unalitupa?"

"Ulitaka?"

Basi mapenzi yao yakaanza hivyo. Wengine hupeana vitambaa vilivyodariziwa. Hawa, kila siku baada ya chakula cha mchana, walikutana kwenye wigo uliotenganisha bustani ya wavulana na kamba za kuanikia nguo za wasichana, na Benigna akapitisha chakula chake kati ya miti, na Makarius akakipokea kwa mikono miwili. Vidole viligusana. Mioyo ilidunda. Walizungumza mpaka kengele ilipolia, na kila mmoja aliondoka akijiona amependwa kuliko mtu yeyote duniani. Hakuna aliyeona kwamba mmoja alikuwa anakwisha na mwingine anavimba.

Huko wigoni ndiko Benigna alikomwambia habari za Otto. Na za ghala la baba, lililowaka siku nzima chini ya Matogoro, harufu ya mahindi ya kuchoma ikijaa bonde zima wakati watu wake hawana la kula. Makarius alisikiliza, kichwa chini, akitafuna.

*

Mama Ida alitoka. Mikononi alikuwa na jembe.

Lilikuwa jembe la zamani, la chuma cha wahunzi wa kwao, limelika ukingoni mpaka limekuwa jembamba. Hata Makarius alisimama alipoliona.

"Mama, hilo hapana."

"Kaa chini! Umesema unamtaka, nami natafuta njia ya kumpata." Alipiga goti mbele ya mkeka, akaliweka jembe kando ya bakuli. "Binti, nisikilize. Hili alinipa mama mkwe wangu siku niliyofungua kinywa katika ua huu huu wa Msamala. Wakati wa vita nililifukia chini ya majivu ya jiko ili wasilichukue. Ida, binti yangu niliyemzaa kwanza, hajapewa. Nakupa wewe. Baada ya hili sina zawadi nyingine. Jua mwenyewe unaliona lilipo."

Walburga alishika mdomo. Benigna alihisi machozi yakimjia, maana hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa namna ile, naye hakukitaka, wala hakukidai. Alitaka kula. Mungu wangu, alitaka kula kuliko kitu chochote! Aliinamisha kichwa, akanawa. Akakata tonge. Akalibonyeza, akachovya mchuzi wa kuku. Mama Ida alibana pumzi. Makarius aliufumba mdomo wake, akaufumbua, kana kwamba angeweza kummezea.

Tonge lilifika kwenye midomo.

Dada, yangu iko wapi?

Mkono ulishuka. Tonge likarudi bakulini.

"Siwezi," Benigna alisema.

Mama Ida alisimama polepole. Alipoanza kusema hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Huwezi. Chakula changu kinakuchefua."

"Sivyo, mama."

"Usiniite mama! Nilimwambia mwanangu, huyu amekaushwa na masista, atalima nini, atazaa nini? Akaniambia, mama, ninampenda. Nikasema sawa. Sasa nikwambie wewe ni nini unachokiringia. Mwanangu huyu Wadachi walimkamata hana hata ndevu. Walimpa mwenge mkononi, wakamwelekezea bunduki mgongoni, wakamwambia choma. Alichoma maghala ya watu kutoka mtoni mpaka chini ya Matogoro, siku tano, akilia. Tangu arudi hawezi kuona chakula kimebaki katika chombo. Anakula mpaka anaumwa! Na wewe unakuja kumwachia bakuli zima mbele ya macho yake, unataka afe?"

"Mama!" Makarius alipiga ukelele.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kuku mmoja alipita uani akidonoa.

Benigna aligeuza shingo. Alimtazama kijana wake mlangoni mwa jiko, na damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Chini ya Matogoro?" akauliza.

Makarius alishika ukuta wa jiko.

"Makarius. Chini ya Matogoro?"

"Ndiyo."

"Ghala la baba yangu lilikuwa na mlango wa mninga. Lilikuwa kando ya mkuyu."

"Sijui, Benigna." Sauti yake ilikatika. "Naapa mbele ya Mungu, sijui. Yalikuwa mengi. Moshi ulikuwa mwingi. Sikutazama milango. Huenda ndilo, huenda silo. Kila usiku nayahesabu tena na kila usiku idadi haiwi ile ile."

"Nilikuambia." Benigna alikuwa amesimama sasa. "Nilikusimulia pale wigoni, kwa mdomo wangu, kitu ambacho sijamwambia hata padri. Nilikuambia harufu ilivyokuwa. Ukanyamaza! Ukaula ugali wangu ukanyamaza!"

"Kila siku nilikuja nikisema leo nitamwambia. Kila siku ulinipa chakula kwanza. Nikajaza mdomo ili nisiseme."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Niliogopa utaacha kuja."

Ungemwona wakati ule, ungemhurumia na kutaka kumzaba kofi kwa pamoja. Benigna alitaka vyote viwili. Alimpenda vile vile kama asubuhi, hilo ndilo lililomuumiza. Aliinama akaokota kikapu chake.

"Walburga, twende."

"Twende?" Walburga aliangalia kuku, akaangalia jembe, akaangalia jua lililobakiza upana wa vidole vitatu kugusa paa. Alisimama hata hivyo. Alikuwa rafiki wa kweli, ingawa machozi yake mengine yalikuwa ya mchuzi.

Walifika kwenye mlango wa ua ndipo mama Ida aliposema nyuma yao, kwa sauti nyingine kabisa. "Ni kitu gani ambacho hajamwambia padri?"

Benigna alisimama.

"Binti, nimekuuliza. Mimi si padri. Ulimwambia nini mwanangu?"

Hata leo sijui kwa nini alijibu. Labda alichoka. Labda ni kwa sababu mwanamke yule alikuwa amekwisha kumchukia, naye Benigna hakuwa na cha kupoteza tena. Aligeuka akasema yote, amesimama, kikapu mkononi. Mwamba. Kigae. Kiganja kimoja cha unga. Nusu, robo, chini ya chungu. Na lile swali.

"Nikipeleka mkono mdomoni anauliza," alimaliza. "Sikuwa nadai zawadi, mama. Hata shanga sikuzitaka. Ningekula kile cha kwanza kama angeniacha."

Mama Ida alikaa chini, palepale mavumbini, mwanamke mzima na heshima zake. Alifunika uso kwa kanga yake. Mwaka wa njaa ulipita kila nyumba, na kila mama wa Songea alikuwa na chungu chake asichokitaja. Alipofunua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Toka mchana nampa zawadi mtu asiyedai," alisema. "Kumbe anayedai ni mwingine, na hakuna aliyemwandalia."

Aliinuka akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na bakuli dogo la mti, la kulishia mtoto, na ukingo wake ulikuwa na alama za meno madogo. Hakusema lilikuwa la nani. Alikata ugali katika chungu kile kile cha mchana, akaweka paja zima la kuku juu yake, akamwagia mchuzi. Alikwenda akaliweka mkekani, upande wa kushoto wa pale alipokuwa amekaa Benigna.

"Hii ni ya Otto," akatangaza, kwa sauti ya kuwatangazia waliopo na wasiokuwapo. "Ameandaliwa kwanza. Ni mgeni katika ua huu sawa na dada yake. Na mtu yeyote asiliguse bakuli hili, mpaka jua litakapozama na mimi mwenyewe nitakapolichukua. Mtu yeyote. Umenisikia, Makarius?"

Makarius alikuwa amelitazama lile bakuli tangu lilipotoka jikoni.

"Nimesikia, mama."

"Njoo ukae hapa."

"Mama, nisamehe, siwezi kukaa karibu nalo. Unajua siwezi."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia njoo ukae."

Alikuja. Alikaa ukingoni mwa mkeka, bakuli la Otto hatua moja mbele yake, na mvuke ukampanda usoni. Jasho likamtoka. Mikono ilitangulia yenyewe, akairudisha. Ikatangulia tena. Mwishowe aliiweka chini ya mapaja yake, akaikalia, akafumba macho, na midomo ikawa inahesabu kitu ambacho Benigna alijua sasa ni nini.

Hapo ndipo Benigna aliporudi mkekani. Si kwa ajili ya jembe, wala si kwa maneno ya mama mkwe. Alirudi kwa sababu ya ile mikono iliyokaliwa. Alikaa chini, bakuli dogo kushoto kwake, akanawa mara ya pili. Akakata tonge dogo, la kulisha ndege. Akachovya.

Dada, yangu iko wapi?

"Hiyo hapo," Benigna alisema kwa sauti. "Ipo. Hakuna anayeigusa."

Alisubiri. Walburga alisubiri. Swali halikuja mara ya pili. Benigna alitia tonge mdomoni, akatafuna huku machozi yakimtiririka, na koo likafunga, likafunga, halafu likaachia. Akameza.

Mama Ida alipiga kigelegele kimoja kilichokatikia katikati kikawa kilio. Walburga hakungoja cha pili. Alikuwa amekwisha nawa zamani.

Benigna hakula sana, msidhani. Matonge manne, la tano likamshinda. Lakini manne yalikaa, na bakuli halikuwa zima tena.

"Benigna," Makarius aliita, macho bado yamefumbwa. "Umenisamehe?"

"Hapana."

"Haya."

"Sijui kama nitaweza. Nitakapojua nitakuambia."

"Haya."

Benigna alimtazama wakati yeye hawezi kumwona: zile kope ndefu, jasho shingoni, mshipa unaopiga kwenye paji. Moyo wake ulimwendea wote, kwa hasira yake na kwa huruma yake.

"Kesho baada ya chakula cha mchana nitakuja pale wigoni," akasema.

Makarius alifumbua macho.

"Nitakuja mikono mitupu," Benigna aliendelea. "Usiniombe kitu. Na kama ukiniona nimeshika tonge, hata kidogo, unirudishe bwaloni. Ukilipokea, ndiyo tumeachana."

Kwa Makarius jambo hilo lilikuwa zito kuliko mahari. "Na mimi?" akauliza. "Nikienda nyuma ya jiko?"

"Nitakuwa nimesimama hapo hapo nyuma ya jiko. Utanipita vipi?"

Kijana alicheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake. Jua lilikuwa limegusa paa. Yule kuku wa uani alisogea mkekani, akanyoosha shingo kuelekea bakuli dogo, na Makarius akatoa mkono mmoja chini ya paja, akamfukuza, kisha akaurudisha mahali pake.